Hatufundishi vitufe: dhana potofu kuhusu kusomea kurekodi, kumiksi na kumasta muziki

Siku moja ya usajili mama mmoja alikuja chuoni na kijana wake. Alikaa mbele yangu, mkoba magotini, akaniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu ana alama nzuri za fizikia na hisabati. Kweli anakuja kusomea kubonyeza kompyuta?" Kijana akainama, maana na yeye alikuwa na swali lake: plagini, zile programu ndogo za kuchakata sauti, tutaanza kufundishwa lini? Mama alikuwa na hofu, mtoto alikuwa na hamu, lakini wote wawili waliamini jambo lilelile, kwamba ufundi wa sauti uko kwenye vitufe.

Kabla ya kufundisha nilirekodi wasanii kwa miaka sita katika studio ya chumba kimoja, Temeke. Nyingi ya dhana ninazozitaja hapa niliziamini mwenyewe, na zilinigharimu fedha na marafiki. Ndiyo maana nazizungumzia kwa uchungu kidogo.

"Kila kitu kipo YouTube, ada ya nini?"

Maelezo yapo kweli, na mengi ni mazuri. Mtu mwenye bando na subira anaweza kujua leo usiku kompresa inafanya nini: inaanza kubana wapi, inabana kwa kiasi gani, inakawia muda gani kabla ya kushika na kabla ya kuachia. Ambacho video haiwezi ni kuisikia kazi yako. Unaiga namba za mtu aliyerekodi sauti nyingine, kwa maiki nyingine, ndani ya chumba kingine, halafu unashangaa mbona kwako haikai.

Kozi ya juu huanza na kitu ambacho wanafunzi wengi hukiona cha kuchosha: mazoezi ya sikio. Mwalimu anafungulia mvumo ulio kama mvua juu ya bati, wenye nguvu sawa katika kila okteva, kisha anainua sehemu moja tu kwa desibeli 12. Mwanafunzi ataje ni ipi. Hezi 125, yaani mitetemo 125 kwa sekunde? 500? 4000? Wiki za mwanzo karibu darasa zima hubahatisha. Baadaye kiinuo kinapunguzwa kuwa desibeli 6, kisha 3, na badala ya mvumo unapigwa wimbo kamili. Muhula ukiisha, mwanafunzi akisikia vokali, yaani sauti ya mwimbaji, inayolia kama imo ndani ya sanduku anajua aende karibu na hezi 400 au 500, bila kupapasa. Hicho ndicho kitu cha kwanza unacholipia ada. Cha pili ni saa za kukaa studio, mtu anayejua akiwa nyuma ya kiti chako, akikuuliza kila mara: kwa nini umefanya hivyo?

Na kwa yule mama: fizikia na hisabati za mwanawe hazipotei. Mwaka 1946 mtunzi Arnold Schoenberg alimwandikia mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago akipendekeza wafundishwe mafundi wa sauti wanaojua muziki na fizikia kwa pamoja. Mwaka 1949, Detmold nchini Ujerumani, ikaanzishwa kozi ya Tonmeister iliyojengwa juu ya wazo la namna hiyo, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kikafuata na yake. Kwa miaka mingi Surrey iliwataka waombaji wawe wamesoma muziki, hisabati na fizikia, vyote vitatu. Hata Auto-Tune, inayosikika kwenye nyimbo nyingi za Bongo Fleva, ililetwa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mtaalamu ambaye kabla ya hapo alikuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi.

"Nikipata maiki ya bei, sauti itakaa"

Hapa ndipo akiba za vijana wengi zinapozama. Mwaka 1982 fundi wa kurekodi Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, maiki ya dainamiki isiyohitaji hata umeme wa volti 48, wakati studio ilikuwa na maiki za thamani kubwa kuliko hiyo. Alichagua iliyoifaa sauti ya yule mtu. Spika za Yamaha NS-10 zilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya sebuleni, na sebuleni hazikupendwa. Zikaishia juu ya meza za studio duniani kote mpaka uzalishaji wake uliposimama mwaka 2001, kwa sababu mafundi walizizoea mno: walijua kinachosikika vibaya humo ni kibaya kweli.

Kinachoharibu kazi kabla ya maiki ni chumba. Chukua chumba chetu cha kawaida, futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3.05 kila upande. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaenea sawasawa kati ya kuta mbili za chumba hicho ni la karibu hezi 56, na hapo unakaribia kabisa nota ya A ya besi, ambayo ni hezi 55. Kwa kuwa chumba ni mraba, urefu na upana vinaivimbisha nota ileile moja badala ya kugawana mzigo. Ukiketi karibu na ukuta, besi inakujaa kifuani. Ukisogeza kiti hadi katikati ya chumba, nota hiyo inatoweka.

Mimi nilikaa ukutani miaka sita. Nilikata besi katika kila wimbo, na kila wimbo ulipotoka ulisikika mwembamba kwenye gari. Msanii alinilaumu, nami nililaumu spika. Nikanunua nyingine. Tatizo likabaki palepale, kwa sababu chumba kilikuwa kilekile. Siku mwalimu wangu alipochora wimbi hilo ubaoni na kuandika 56 pembeni, niliziona nyimbo zangu zote zikipita mbele ya macho, na wenyewe nikiwakumbuka kwa majina.

Na trei za mayai? Nimeziona Dar, nimeziona Nairobi, nilizibandika mwenyewe. Zinapunguza kidogo mng'ao wa sauti za juu, basi. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, litapita kwenye trei kana kwamba hakuna kitu. Jirani ataendelea kusikia kila kitu, na ukutani utakuwa umetundika karatasi inayoshika moto upesi. Watu huchanganya kazi mbili hapa. Kuzuia sauti isitoke nje kunahitaji uzito na kuziba kila upenyo, hata ule wa chini ya mlango. Kukifanya chumba kisikike vizuri kunahitaji unene unaofyonza: pamba ya mawe ya sentimita 10 au zaidi, ikiachwa nafasi ya hewa nyuma yake, na ianzie kwenye pembe maana huko ndiko besi inakojikusanya. Godoro zito lililosimamishwa pembeni linakusaidia kuliko trei 100.

"Tutarekebisha kwenye miksi"

Miksi ni hatua ya kuchanganya na kupatanisha sauti zilizokwisha kurekodiwa, na sentensi hii ningeifuta kwenye kila studio kama ningeweza. Ukimsikia prodyuza anaitamka, jua kuna kosa limesikika na limeachwa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Hakukuwa na traki za kuhifadhi kila ala peke yake. Sauti ya mwimbaji, udi na fidla vilipatanishwa palepale, kwa kupanga nani akae karibu na nani arudi nyuma, na upande mmoja wa santuri uliishia dakika tatu hivi. Miongo kadhaa baadaye, bendi za dansi zilipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na kanda ikanasa kilichopigwa. Kazi hizo tunazisikiliza mpaka leo, na kilichozifanya zikae ni mazoezi ya wapigaji pamoja na masikio ya fundi aliyepanga maiki. Darasani tunalo zoezi la namna hiyo: kundi moja la wanamuziki, maiki mbili, hakuna kukata wala kuunganisha. Wanafunzi hulichukia siku ya kwanza. Wakilirudia mara ya tatu wanaanza kumsogeza mpiga gitaa hatua moja badala ya kukimbilia ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti.

Sababu ya kusisitiza kurekodi sawasawa iko kwenye fezi, yaani kama mawimbi mawili yanapanda na kushuka pamoja au yanapishana. Weka maiki mbili kwenye ala moja, moja iwe mbali kuliko mwenzake kwa sentimita 34. Sauti inafika kwenye ile ya mbali ikiwa imechelewa kwa milisekunde 1. Ukizichanganya kwa nguvu sawa, hezi 500 inajifuta, halafu 1500, halafu 2500, na kuendelea. Ikwalaiza haiwezi kuinua kitu kilichokwisha kujifuta. Ni lazima usogeze maiki, au usogeze moja ya faili hizo kwa muda huo mdogo, na kwanza ni lazima usikie kwamba kuna kitu kimepotea.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni msondo. Ngoma ile ni ndefu, ina ngozi juu na mdomo wazi chini, na sehemu kubwa ya uzito wake inatokea chini. Wanafunzi huweka maiki moja juu na kupata kofi la mkono tu. Wanaongeza ya pili chini, na ghafla ngoma inakuwa nyembamba kuliko mwanzo! Mkono ukipiga, ngozi inaikimbia maiki ya juu na kuikaribia ya chini, kwa hiyo mawimbi mawili yanavutana kinyume. Ukigeuza polariti ya upande mmoja, yaani ukilipindua wimbi lake juu chini, msondo unarudi na kifua chake chote. Hapo kitufe kimoja kimefanya kazi kubwa, lakini kilichokituma ni sikio.

"Chuoni watakufundisha muziki wa Kizungu"

Dhana hii ina ukweli ndani yake, na sitaificha. Mifano ya vitabu na programu nyingi imejengwa juu ya drami, gitaa la umeme na vokali ya Kiingereza. Ukifungua mpangilio uliotayarishwa wa kompresa utakuta umeandikiwa kiki na snea, ngoma za seti ya drami. Hakuna ulioandikiwa ngoma zetu za chapuo wala vumi, na ala ya kanuni ya taarabu yenye nyuzi zake nyingi utaitafuta usiione. Lakini sheria za mawimbi hazina kabila. Aliyeelewa kwa nini maiki mbili zinafutana atajua la kufanya akiwa mbele ya zeze, na aliyekariri mpangilio wa snea hatajua.

Singeli inafundisha hili vizuri kuliko somo lolote. Kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3. Ukiweka mwangwi wa sekunde 2, ambao kwenye bolero ungependeza, utafunika zaidi ya mapigo sita, na maneno ya mwimbaji yatazama kwenye uji. Kompresa nayo lazima iachie kabla pigo linalofuata halijafika, la sivyo wimbo wote utakaa umebanwa bila kupumua. Mwanafunzi mmoja alileta singeli darasani akidhani nitaikataa. Tuliifanyia kazi wiki tatu. Natamani kila mwanafunzi aje na ngoma ya kwao mkononi, maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kimeonyesha tangu mwaka 2002 kwamba taarabu na ngoma zinaweza kukaa darasani kwa heshima zote, na upande wa kurekodi nao unastahili vivyo hivyo.

"Masta itaupaisha wimbo"

Masta ni hatua ya mwisho ya kuuandaa wimbo kabla haujatoka. Msanii analeta miksi ambayo vokali imezama na kusema usijali, fundi wa masta atainyanyua. Fundi wa masta kwa kawaida anapokea faili moja ya stirio. Kila kitu kimeshaunganishwa. Akiinua eneo la vokali ananyanyua pia snea, gitaa na chochote kinachoishi mtaa uleule. Kazi hii ilizaliwa kwenye kuchonga santuri, ambako besi iliyotawanyika sana pande mbili ilirusha sindano nje ya mfereji, hivyo ilihitajika jicho na sikio la mwisho kabla ya kiwanda. Leo bado ndivyo ilivyo: mtu mwingine, katika chumba kingine, anasikiliza ambacho wewe umeshakichoka. Anapatanisha nyimbo za albamu zikae familia moja, anaacha kilele kisipite desibeli -1 ili faili isipasuke ikibanwa kwa ajili ya mtandao, anapanga nafasi kati ya wimbo na wimbo, anaweka namba za ISRC zinazotambulisha kila rekodi.

Kila mara naambiwa kuhusu Billie Eilish, kwamba albamu yake ya mwaka 2019 ilirekodiwa chumbani na kaka yake ikashinda Grammy. Ni kweli, ilirekodiwa chumbani. Lakini miksi ilikwenda kwa Rob Kinelski na masta kwa John Greenham, wote watu wa kazi. Sehemu hiyo ya hadithi haisimuliwi.

Ndani ya dhana hii kuna nyingine iliyoharibu nyimbo nyingi zaidi: kwamba masta nzuri ni ile yenye kelele kuliko za wenzako. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, inazisawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoupokea. Wimbo uliokandamizwa hadi -7 unashushwa desibeli 7. Unapigwa kwa ukubwa uleule na wa jirani, ila wake una ngoma zinazogonga na wako umekuwa ukuta. Simaanishi kila mtu aandike -14 na kulala. Singeli na muziki wa klabu vinataka msukumo, DJ hana kisawazishi cha Spotify, na mimi mwenyewe humasta baadhi ya nyimbo kwa ukali kwa makusudi. Ninachokataa ni kukandamiza kwa woga.

Mengine nitayapita haraka. Wapo wanaorekodi kwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 192,000 kwa sekunde wakiamini ndiyo ubora. Sikio zima la kijana linaishia karibu hezi 20,000, na sampuli 44,100 zinabeba mpaka hezi 22,050; faili kubwa zinajaza diski tu. Biti 24, hapa nasema biti za kompyuta, zina faida ya kweli, kwa sababu zinakuruhusu kurekodi kwa utulivu bila kuogopa kupasua. Wapo pia wanaomiksi kwa sauti ya juu wakisema ndipo wanaposikia vizuri. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio linapokea besi zaidi sauti ikiwa kubwa, kwa hiyo kila kitu kinapendeza ukifungulia na kinapungua asubuhi. Tena kuna madhara. Desibeli 85 zinakubalika kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Kwa desibeli 100 una dakika 15. Vijana wenye miaka 25 wamefika kwangu na mlio masikioni usiokwisha, na hilo hakuna chuo kinachoweza kulirekebisha.

"Studio si mahali pa msichana"

Nimelisikia kutoka kwa wazazi, kutoka kwa wasanii, na limenikera zaidi lilipotoka kwa mwalimu mwenzangu. Susan Rogers alianza kama fundi wa kutengeneza vifaa, akawa mrekodi wa mwanamuziki Prince katika miaka ya 1980, kisha akasomea saikolojia ya sauti hadi shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha McGill na kufundisha chuo cha muziki cha Berklee. Emily Lazar, mwenye studio ya masta New York, alishinda Grammy ya albamu iliyorekodiwa vizuri mwaka 2019, mwanamke wa kwanza kuipata kama fundi wa masta. Kinachowakwamisha wasichana wetu ninakiona kila muhula: zamu za studio hupangwa usiku, na mtoto wa mtu hawezi kurudi Mbagala saa nane usiku. Hilo ni la ratiba. Tuliwawekea zamu za asubuhi, wakazijaza.

"Nikipata cheti nimepata kazi", au "cheti hakina kazi"

Zote mbili nazisikia. Msanii hataomba cheti chako, ataomba wimbo uliofanya. Televisheni, redio, kampuni za filamu na taasisi za umma mara nyingi hukiomba kabla hawajasikiliza chochote. Wahitimu ninaowajua wamesambaa: mmoja yuko kwenye matangazo ya mpira, mwingine anaendesha sauti za kanisa kubwa, wawili wanasafisha sauti za tamthilia. Studio ya nyimbo ni chumba kimoja tu katika nyumba hii kubwa.

Kwa hiyo mzazi anaponiuliza chuo gani, namrudishia maswali. Vyumba vya kurekodi ni vingapi, na wanafunzi ni wangapi? Mwanafunzi anapata saa ngapi za studio peke yake kwa wiki? Mwalimu bado anarekodi, au aliacha? Yule mama niliyemtaja aliyaandika yote nyuma ya bahasha ya vyeti. Nilimwongezea moja: omba kusikiliza kazi za wahitimu wa mwaka uliopita, humohumo ndani, kwa spika za humo, na uende na wimbo mmoja unaoujua vizuri upigwe baada yake.